Taa Kwanza, Kabati Baadaye: Kuboresha Bafu la Zamani kwa Gharama Ndogo

Katika nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam, ukuta wa bafu huwa na kabati dogo la dawa, la bati, lenye mlango wa kioo, na juu yake taa ya tyubu inayopepesa kabla ya kuwaka. Nyumba ninayoishi ilikuwa navyo vyote viwili, bawaba za kabati zikiwa zimeliwa na kutu na kioo kikiwa na madoa meusi pembezoni. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kubandua vigae vya ukuta mzima, pendekezo ambalo baadhi ya mafundi hulitoa kabla hata hawajavua viatu. Ushauri wangu ni kwamba fedha kidogo uliyo nayo iingie kwanza kwenye taa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchakavu tunaoulalamikia bafuni hutokana na mwanga mbaya, na kabati lifikiriwe baadaye.

Taa iliyo darini, juu ya kichwa, hutia kivuli chini ya macho na chini ya kidevu, na ndiyo maana mtu hunyoa ndevu vizuri bafuni kisha akatoka nje na kukuta mabaki shavuni. Taa mbili ndogo, moja kila upande wa kioo, zikiwa kwenye usawa wa macho, yaani takriban sentimita 150 hadi 165 kutoka sakafuni, huondoa kivuli hicho. Ikiwa waya umetokea sehemu moja tu juu ya kioo, hakuna haja ya kuchimba ukuta. Taa moja ndefu ya LED, yenye upana unaokaribiana na wa kioo, inatosha kabisa.

Ukifika Kariakoo, usikubali kuuziwa taa kwa kuangalia wati pekee. Wauzaji wengi hutoa haraka ile ya Kelvin 6500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) kwa sababu ya weupe wake, lakini mwanga huo wa kibuluu huifanya ngozi ionekane kama ya mgonjwa, na mimi nilichagua 3000. Anayetaka weupe kidogo achukue 4000. Tazama pia alama ya IP iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu IP44 ina maana kwamba taa inahimili maji yanayoruka kutoka upande wowote, na taa isiyo na alama hiyo haifai kukaa karibu na sinki, hata iwe nzuri namna gani. Anayependa holda yake ya tyubu anaweza kuibakisha na kuweka tyubu ya LED ya wati 18 mahali pa ile ya futi nne ya wati 36, ila afuate mchoro wa waya uliomo kwenye boksi, kwani si tyubu zote zinazofungwa kwa namna moja. Kazi ya waya apewe fundi umeme, naye azime mainswichi na kupima kwa tasta kabla ya kugusa chochote, maana umeme wa volti 230 katika chumba chenye maji hausamehe.

Kabati la bati ambalo bado halijatoboka linaweza kuokolewa. Sugua kutu kwa msasa hadi bati ling'ae, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, na badala ya bawaba za chuma cha kawaida weka za chuma cha pua, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani haina subira. Madoa meusi ya kioo hayafutiki, kwa kuwa unyevu umekwisha kupenya nyuma na kuharibu tabaka la fedha. Kata kioo kipya kwa fundi wa vioo na alumini wa mtaani. Unapokibandika, epuka silikoni yenye harufu ya siki, ambayo hula rangi ya nyuma ya kioo na kurudisha madoa yale yale.

Tukija kwenye dawa zenyewe, paketi nyingi huagiza zihifadhiwe mahali pakavu, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 au 30, na bafu la Dar es Salaam lenye mvuke wa maji ya moto halitimizi sharti hilo. Zangu zimehamia chumbani, ndani ya boksi lenye kufuli, juu kuliko mikono ya watoto inapofika. Baada ya kuziondoa, kilichobaki bafuni ni miswaki, dawa ya meno, nyembe na mafuta, vitu vinavyoenea kwenye rafu moja fupi. Kwa hiyo ikiwa kabati lako limetoboka, kioo kitupu na rafu ya alumini chini yake vitagharimu kidogo kuliko kabati jipya.