Weka Ndimu Chini: Majibu kwa Wakusanyaji wa Sarafu

Picha mlizoleta ni nyingi na nyingine nimezionea wivu. Lakini nusu ya sarafu hizo zinameta kama sufuria mpya, na sarafu ya miaka mia haimeti hivyo bila mtu kuitesa.

Maalim, nimepata reale ya Sham ya mwaka 1780. Ina miaka zaidi ya mia mbili, niiuze bei gani? (Shela)

Swali hili halichoki kurudi. Mama aliyechorwa kwenye reale hiyo ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki 1780, na tangu hapo mwaka kwenye reale yake haukubadilishwa tena. Ziliendelea kupigwa chapa Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakutaka fedha nyingine. Kwa hiyo 1780 si umri wa reale yako. Huenda babu yako aliizidi.

Ipime. Iliyo halali ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na ndani yake mna fedha safi gramu 23 na kitu. Kisha tazama ukingoni: maneno ya Kilatini yameinuka, unayahisi kwa kidole. Zile za kumiminwa kwenye kalibu huwa na ukingo mtupu au herufi zilizofifia. Bei yake huanzia bei ya fedha siku hiyo, na kwa nyingi huishia papo hapo.

Nizisafishe kwa ndimu na majivu, au dawa ya meno? (Mkomani)

Hakuna. Wala magadi. Ule weusi ndio unaomwambia mnunuzi kwamba sarafu haijaguswa, na ukishauondoa haurudi.

Nimefurahi mno! Shangazi amenipa rupia ya Mombasa ya 1888. Ila imechomelewa kikuku cha kupitishia mkufu. Nimpe sonara akikate? (Malindi)

Hongera, mwanangu. Hii ndiyo ya mwezi. Ni sarafu ya ile kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani hii kabla serikali yao haijaichukua mwaka 1895, na ilipigwa Birmingham kwa kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000. Miaka ya kampuni ilikuwa michache, ndiyo maana rupia zake hazizagai.

Kikuku kimeipunguzia bei, kweli. Lakini tupa ya sonara itaacha kovu, na utabaki na sarafu iliyotiwa kikuku na kukwanguliwa pia. Mimi kwa ladha yangu naipenda hivyo hivyo. Wanawake wa huku walivaa akiba yao shingoni, na rupia iliyovaliwa ni kitu cha Malindi kuliko ile iliyolala kwenye kabati la mzungu. Muulize shangazi nani aliivaa, kwenye harusi ya nani, uandike leo, maana yeye hatakuwepo siku zote.

Nimeokota visarafu vidogo kwenye magofu kisiwani Pate. Kuna mtalii anavitaka. (Faza)

Acha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni kitu cha kale. Ukikiokota, toa habari Makumbusho. Kutoka nje ya nchi hakitoki bila kibali. (Wewe wa rupia ya 1888, nawe umo.)

Tena ukiacha sheria, unajipunja. Huko Shanga, kisiwani humo humo Pate, wachimbuaji walipata visarafu vya fedha vilivyopigwa na watawala wa pwani wenyewe. Manda, mwaka 2013, ilipatikana sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Ni shaba tu yenye tundu la mraba, lakini dunia nzima iliizungumzia kwa sababu ilijulikana imetoka wapi. Ingekuwa imepita mfukoni mwa mtalii, ingekuwa shaba yenye tundu.

Shilingi ya simba na mlima ni ya fedha? (Lamu)

Za kuanzia 1921 hadi miaka ya vita, robo tu. Za 1948 na baadaye, hata chembe.

Kuna mtu anauza mtandaoni sarafu za dhahabu za rupia 15, zile za ndovu, kwa shilingi elfu tatu moja. (Malindi)

Za Tabora, 1916? Wajerumani walizipiga kwenye karakana ya reli vita vikiwa vimewabana, kama elfu kumi na sita hivi basi. Kila moja ina gramu 7 na kidogo, robo tatu dhahabu. Kwa elfu tatu unanunua ndovu wa shaba ya njano.

Na pauni za dhahabu pia zinaghushiwa, nyingine kwa dhahabu halisi. Sonara atakuapia kuwa ni dhahabu, na atakuwa amesema kweli, na pauni bado itakuwa bandia. Halali ina gramu 7.98 na upana wa milimita 22.

Niziweke wapi, chumvi ya bahari isizile? (Kizingitini)

Bahasha ya karatasi, moja kwa kila sarafu, ndani ya kopo linalofunga barabara, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki laini iepuke, hutoa utelezi wa kijani. Na ukishika, shika kingo.