Maswali ya Wasomaji: Ahadi za ulinzi na ushindi katika vitabu vya manabii

Mhariri, andiko la "kila silaha itakayofanyika juu yako haitafanikiwa" tunalikuta kwenye vioo vya daladala na katika kila mkesha. Je, liliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja? Na kama ni ahadi, mbona waumini wanaumizwa? (Msomaji, Morogoro)

Rudi mwanzo wa sura hiyo ya 54 ya Isaya. Mstari wa 1 unamsemesha mwanamke tasa, na mpaka mstari wa 17 "wewe" ni yuleyule: Sayuni, mji wa Yerusalemu, unaosemeshwa kama mke aliyeachwa. Mji huo Wababeli walikuwa wameshauchoma mwaka 587 au 586 KK (wataalamu hutofautiana kwa mwaka mmoja) na watu wake wengi wakapelekwa uhamishoni. Kwa hiyo ahadi inawafikia watu ambao silaha zimekwisha kuwapiga. Mistari ya 7 na 8 haifichi jambo hilo: kwa kitambo kidogo Mungu aliuacha mji na kuuficha uso wake. Anayelisoma andiko hili kama hati ya kutoguswa na baya lolote amerukia mstari wa mwisho bila kupitia ile kumi na sita iliyotangulia.

Mstari wa 16 ndio unaorukwa kuliko yote. Humo Mungu anasema ndiye aliyemwumba mhunzi avukutaye makaa, na mharibu pia. Silaha zitafuliwa; kinachokataliwa ni kufanikiwa kwake. Kisha nusu ya pili ya mstari wa 17 inahamia barazani kwa hakimu: ulimi unaoinuka "katika hukumu" ni ulimi wa mshtaki. Kuugeuza kuwa andiko la kuwanyamazisha wambea wa mtaani ni kuupunguza sana.

Mtu binafsi anaingia mwishoni kabisa, kwenye maneno "urithi wa watumishi wa BWANA". Tangu sura ya 40 mpaka ya 53 mtumishi wa BWANA hutajwa kwa umoja. Hapa kwa mara ya kwanza ni watumishi, na baada ya hapo ni wengi mpaka mwisho wa kitabu. Lakini tazama nini kimetangulia: sura ya 53, ambamo mtumishi mmoja anapigwa, anashtakiwa na kuuawa. Ukiidai ahadi ya 54:17, unaidai kama mrithi wa huyo. Ndiyo maana kuumizwa kwa muumini hakuitangui.

Chuoni tunafundishwa kuwa Waashuri wenyewe waliandika kwamba walimshinda Hezekia, mfalme wa Yuda, wakati Biblia inasema Yerusalemu iliokolewa. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Eldoret)

Ziweke habari hizo mbili kando kando, uone kwanza zinapokubaliana. Mwaka ni 701 KK. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliandikisha vita vyake kwa mwandiko wa kikabari (alama za umbo la kabari) juu ya nguzo ndogo za udongo zenye pande sita. Moja iko British Museum mjini London, nyingine Chicago, nyingine Yerusalemu. Anajisifu kuteka miji 46 ya Yuda yenye kuta, kuhamisha watu 200,150, na kumfungia Hezekia mjini mwake "kama ndege ndani ya tundu". Hasemi popote kwamba aliuteka Yerusalemu. Kwa mfalme mwenye majivuno kama yake, kimya hicho kina uzito. Alipopamba jumba lake la Ninawi alichonga ukutani kutekwa kwa Lakishi, mji wa pili kwa ukubwa wa Yuda. Mabamba hayo nayo yako London, na huko Lakishi wachimbaji wamekuta boma la udongo na mawe ambalo Waashuri walilijenga ili kupandia ukutani.

Zinakubaliana pia kwamba Hezekia alilipa. Isaya 36 inairuka habari hiyo, basi ifuate katika 2 Wafalme 18:14–16, pale anapobandua dhahabu ya milango ya hekalu. Dhahabu ni talanta 30 kote kuwili. Fedha ni talanta 300 katika Biblia, 800 kwa Senakeribu. (Talanta moja ilikaribia kilo 30, kwa hiyo dhahabu peke yake ilikuwa karibu tani moja.) Tofauti ya maana zaidi ni mpangilio: katika Wafalme malipo yanatangulia, kisha jeshi linakuja hata hivyo; kwa Mwashuri malipo yalipelekwa Ninawi baadaye. Vifo vya watu 185,000 usiku mmoja, ambavyo Biblia inasema viliipata kambi ya Waashuri (Isaya 37:36), nguzo haivitaji, na hakuna kumbukumbu ya mfalme wa Ashuru inayotangaza hasara ya namna hiyo.

Sasa isome ahadi yenyewe, Isaya 37:33–35, kwa jicho la mwanasheria. Hataingia mji huu, hatapiga mshale hapa, hatakuja mbele yake na ngao, hatajenga boma juu yake, atarudi kwa njia aliyoijia. "Mji huu" ni Yerusalemu. Lakishi haimo, wala ile miji mingine 45. Mstari wa 30 unakiri hata njaa: mwaka huu kuleni kinachoota chenyewe, mwaka wa pili hivyohivyo, mwaka wa tatu ndipo mpande na kuvuna. Jeshi lilikuwa limekanyaga msimu wa kupanda, na ushindi haukuurudisha. Walimu wengi huacha mstari huu, na matokeo yake vijana hudhani siku ya pili yake Yuda ilikuwa inashangilia kwenye vyakula.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani Senakeribu aliuawa mara tu aliporudi. Isaya 37:37–38 inayaweka matukio sako kwa bako, lakini wanawe walimwua mwaka 681 KK, miaka 20 baadaye.

Hanania, nabii wa siku za Yeremia, naye alitabiri ulinzi na ushindi, tena kwa jina la BWANA. Msikilizaji wa siku ile angemtofautishaje na Isaya? (Mama msomaji, Bukoba)

Swali zuri, mama, na Yeremia mwenyewe hakulijibu papo hapo. Katika Yeremia 28, mwezi wa tano wa mwaka wa nne wa Sedekia mfalme wa Yuda, Hanania anatangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia anaitikia "Amina". Anatamani iwe hivyo. Hanania anaivunja nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, na Yeremia anakwenda zake. Jibu linakuja baadaye: nira za chuma badala ya za mti. Mwezi wa saba wa mwaka uleule Hanania akafa.

Hanania hakubuni jambo geni. Alichukua ushindi wa 701 KK akautumia mahali ambapo Mungu hakuutuma. Watu walikuwa wamegeuza hekalu kuwa hirizi. Yeremia 7:4 inawanukuu wakilitaja mara tatu mfululizo, na mstari wa 12 unawaambia waende Shilo, palipokuwa na hekalu lililotangulia, wakaone palivyotendwa. Mfalme Sedekia naye, mji ukiwa umeshambuliwa, anatuma watu waulize kama labda BWANA atatenda tena "kazi zake za ajabu" (21:2). Anaomba 701 irudiwe. Anajibiwa kwa lugha ya kutoka Misri, mkono ulionyoshwa, ila safari hii mkono huo uko dhidi ya Yerusalemu (21:5).

Vipimo ambavyo msikilizaji alikuwa navyo vilikuwa vitatu. Je, nabii anataja dhambi, au anataja adui peke yake? Isaya aliyeahidi ulinzi ndiye aliyewaita viongozi "waamuzi wa Sodoma" (1:10). Je, kuna muda uliowekwa unaoweza kuhakikishwa? Hanania alitoa miaka miwili, na miaka miwili ikapita. Na tatu, maneno yake yanawataka wasikilizaji wafanye nini? Ya Hanania hayakumtaka mtu yeyote abadilike.

Ulinzi haukukosekana siku zile, ila ulikuwa mdogo na wa mtu mmoja mmoja. Ebedmeleki Mkushi, aliyemtoa Yeremia shimoni, aliahidiwa nafsi yake iwe nyara (39:18). Baruku, mwandishi wa Yeremia, vivyo hivyo (45:5). Yaani mji utaanguka, nyumba na mali vitakwenda, wewe utatoka hai. Makanisani ahadi hiyo haina umaarufu, nasi tunaona inastahili kuhubiriwa zaidi ya 54:17.

Kama Zekaria 2:5 inasema Mungu ni ukuta wa moto kuuzunguka Yerusalemu, Nehemia alijenga ukuta wa mawe wa nini? (Msomaji, Goma)

Vipindi ni viwili. Maono ya Zekaria ni ya mwaka wa pili wa Dario mfalme wa Uajemi, mwanzoni mwa 519 KK, wakati waliorudi kutoka uhamishoni ni wachache, hekalu halijakamilika na mji hauna ukuta. Nehemia alifika Yerusalemu mwaka 445 KK, na ukuta ukamalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Zekaria anawaambia watu wasiogope kurudi na kukaa kwa sababu mji uko wazi, hakuwakataza kujenga. Nehemia 4:9 ina yote mawili katika sentensi moja: tukamwomba Mungu, tukaweka walinzi.

Nataka kuyasoma haya kwa mpangilio. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Anza na 2 Wafalme 16 hadi 20 upate wafalme na tarehe. Kisha Isaya 7, 31, 36 na 37, na uangalie mahali: mjumbe wa Ashuru anasimama penye mfereji wa birika la juu, njia ya uwanja wa dobi (36:2), palepale Isaya alipomwambia mfalme Ahazi asiogope miaka zaidi ya 30 kabla (7:3). Mika 1 hadi 3 isome siku hiyohiyo, kwa kuwa Mika 3:12, iliyonukuliwa kumtetea, ndiyo iliyomponya Yeremia kwenye kesi ya Yeremia 26. Halafu Yeremia 7, 21, 26 hadi 29, 39 na 45. Isaya 40 hadi 55 iache mwisho, uisome kwa kikao kimoja ukiweza.