Maswali ya Wasomaji: Kona ya kusomea ya mtoto mwenye ADHD

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, hospitali walishatuambia ana ADHD (hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia). Jioni anafuata masomo ya ziada kwa video ya simu yangu, kwenye meza ya chakula. Dakika tano haziishi ameshashuka kitini. Chumba cha peke yake hatuna. Nifanyeje?
Mama Wawili, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Chumba cha peke yake si lazima. Mtoto wa namna hii ukimfungia na simu, muda si mrefu yuko kwenye gemu na hakuna anayejua. Sebule inafaa zaidi, mradi mtu mzima awe karibu na TV izimwe. Chagua kona isiyo njia ya watu, meza itazame ukuta mtupu, na nyuma ya kiti tundika kitenge kwenye kamba.

Kisha angalia miguu, ambayo wazazi wengi huisahau. Meza ya chakula huwa na kimo cha sm 75 hivi, kiti sm 45. Kwa umri huo miguu inaning'inia na mabega yanapanda. Mwili ukichoka atashuka tu, hata somo liwe tamu vipi. Weka mto mgumu wa sm 5 kwenye kiti (sponji laini inabonyea), na chini ya miguu laza tofali la saruji la inchi 6, linalompa kama sm 15. Nyayo zitue zote, viwiko vilingane na meza. Halafu kata tyubu kuukuu ya baiskeli, uikaze kati ya miguu ya mbele ya kiti, juu kidogo ya tofali, awe anaisukuma kwa visigino. Usimkemee: wengi wao husikiliza vizuri zaidi wakitikisika.

Simu yenyewe ndiyo msumbufu mkubwa, kwa kuwa ni yako na meseji ni zako. Iweke hali ya ndege, washa Wi-Fi, upate intaneti kwa hotspoti ya simu nyingine. Hapo simu ya kawaida haitakata somo. Zima arifa zote, za WhatsApp hasa. Na ficha picha yake mwenyewe kwenye skrini, la sivyo atajitazama yeye badala ya mwalimu.

Muda auone kwa macho. Kwenye kioo cha saa ya ukutani bandika kipande cha karatasi nyekundu kutoka 12 hadi 3: akianza saa kamili, mshale mrefu ukitoka kwenye wekundu, dakika 15 zimekwisha. Anyanyuke dakika 5, achote maji au akimbie uani. Katuni si mapumziko. Kumtoa hapo ni vita.

SWALI: Darasa letu la mtandaoni ni saa 8 mchana, nyumba ya bati haina dari. Mtoto hatulii kabisa.
Baba Juma, Chamwino

JIBU: Hilo ni joto kabla ya ADHD. Mtoe kwenye dirisha la magharibi, jua la mchana linapiga usoni na skrini haionekani. Feni isielekezwe kwenye maikrofoni, mwalimu atasikia upepo mtupu. Ikiwezekana, omba kipindi cha asubuhi.

SWALI: Nijaze chati ukutani?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Hapana. Weka ubao mdogo mmoja, uandike hatua moja tu: "Fungua ukurasa 14." Akimaliza, futa, andika inayofuata. Maagizo matatu kwa mpigo, atashika la kwanza.