Kofia Kichwani, Chai Mezani: Maswali Yenu Kuhusu Miji ya Urusi

Nilikaa Urusi miaka sita, mmoja wa kujifunza lugha na mitano ya chuo, yote Moscow, na likizo zangu nyingi zilimalizikia kwenye treni. Tangu nirudi nyumbani, wiki haipiti bila mtu kuniuliza habari za huko. Leo najibu maswali saba ambayo hayaishi kurudi.

Mwanangu amepata chuo Moscow, anaondoka mwezi wa tisa. Nimnunulie koti la aina gani? — Mama mzazi, Moshi

Shikamoo mama. Koti usinunue. Makoti ya mitumba tunayoyapata huku mengi yameshonwa kwa ajili ya mvua, si kwa Januari ya Moscow, ambapo nyuzi 10 chini ya sifuri ni siku ya kawaida na 20 si habari ya kumsimulia mtu. Mpe fedha ya koti na viatu, akanunue hukohuko wiki ya kwanza akiwa na wanafunzi waliomtangulia. Viatu vitangulie, maana barafu iliyokanyagwa mpaka ikawa kioo huwavunja mikono hata wenyeji. Wewe mfungie soksi nzito, sweta mbili, blanketi na mafuta mazito ya ngozi, kwa sababu hewa ya ndani ni kavu mno.

Blanketi nimelitaja makusudi. Wengi hudhani mwezi mgumu ni Januari. Kwangu ulikuwa mwishoni mwa Septemba. Nyumba za miji ya Urusi hupashwa joto na mji wenyewe: maji ya moto yanatoka kwenye mitambo mikubwa, yanapita kwenye mabomba chini ya barabara, yanaingia kwenye chuma kilichowekwa chini ya dirisha, wao hukiita batareya. Si wewe unayeiwasha. Mji unasubiri mpaka wastani wa joto la kutwa uwe nyuzi 8 au chini ya hapo kwa siku tano mfululizo, ndipo unafungulia. Kabla ya hapo kuna siku ambazo nje baridi na ndani baridi, na mwanafunzi analala na sweta. Batareya zikishawaka mambo yanageuka: chumbani unakaa na fulana, unafungua kidirisha cha juu upate pumzi, na nje theluji inaanguka. Ndiyo maana nguo nyepesi kadhaa zilizopandana ni bora kuliko moja nzito. Kwa siku moja atavua na kuvaa mara nyingi kuliko anavyofikiri.

Tena ashone kitanzi imara ndani ya ukosi wa koti lake. Chuoni, kwenye makumbusho na kwenye kumbi za maonyesho, watu hawaingii na makoti. Unalikabidhi kwenye chumba cha makoti, na mama anayeyapokea hulitundika kwa kitanzi hicho. Koti lisilo nacho litamletea maneno. Na kofia, mama, kofia! Akipita kichwa wazi, bibi asiyemjua atamsimamisha njiani amgombeze. Mara ya kwanza iliponipata nilidhani nimetukanwa. Kirusi changu kilipokomaa ndipo nikajua nilichokuwa naulizwa: mama yako yuko wapi, mbona hajakuvisha kofia?

Kiangazi asishtuke maji ya moto yakikatwa jengo zima kwa siku kumi hivi. Ni wakati wa kupima na kukarabati yale mabomba, na kanuni inaruhusu hadi siku 14. Kuchemsha maji ya kuoga kwa sufuria anajua tayari.

Kwenye video naona watu wa Moscow wamenuna na hawasalimiani. Hawatupendi Waafrika? — Kijana, Likoni

Hapo kuna mambo mawili, tuyatenganishe. Ubaguzi upo. Nimewahi kutukanwa ndani ya treni, na nimesoma matangazo ya vyumba vya kupanga yaliyoandika bila aibu kwamba wanatakiwa Waslavi tu, yaani Warusi na jamaa zao wa asili. Usiku wa manane usipite peke yako mitaa usiyoijua, na siku ya mechi kubwa kaa mbali na makundi ya mashabiki. Nikikuficha hilo nitakuwa nimekukosea.

Lakini uso mkavu si ubaguzi, kwani wananuniana hata wao kwa wao. Kwao tabasamu ni la mtu unayemjua. Ukimchekea mpita njia atadhani unamdhihaki au una kitu cha kumuuzia. Mimi kilichoniumiza zaidi ni salamu. Sisi tukionana asubuhi tunaulizana ya nyumbani, ya watoto na ya kazi, na tukikutana tena saa nne tunaanza upya. Kule mtu unamsalimu mara moja kwa siku. Ukirudia anakwambia "tumeshaonana", kana kwamba umesahau kuwa ulimwona. Kwa miezi kadhaa nilihisi nafukuzwa kila siku, mpaka nikaelewa kwamba kwao salamu ya pili maana yake ni kuwa ile ya kwanza haikukuingia akilini.

Heshima wanayo, na ni kubwa, ila wameiweka kwenye jina. Mwalimu unamwita kwa jina lake na la baba yake. Mtoto wa kiume wa Pyotr akiwa Ivan, ni Ivan Petrovich. Wa kike akiwa Anna, ni Anna Petrovna. Na "wewe" ziko mbili: ty ya rafiki na mtoto, vy ya mkubwa na ya mgeni. Aliyelelewa na shikamoo hahitaji kufafanuliwa sana. Siku mtu mzima atakapokuomba mhamie kwenye ty, jua umefunguliwa mlango.

Naweza kutembea mjini bila kujua Kirusi? — Msomaji, Bukoba

Kuzungumza utaomba msaada, lakini kusoma jifunze kabla hujapanda ndege. Herufi ni 33 na jioni nne zinatosha. Ukiona ubao umeandikwa PECTOPAH, hapo ni mgahawa: P yao ni R yetu, C ni S, H ni N, na neno linasomeka "restoran". B ni V. X ni kh, ile ya Khamisi na kheri, kwa hiyo mtu wa pwani anayo mdomoni tangu utotoni. Na R yao inatetemeka kama yetu.

Mimi ni Mwislamu na nataka kwenda kusoma St. Petersburg. Swala na saumu zinawezekana? — Msomaji, Wete

Zinawezekana, na misikiti ipo ya miaka mingi. Wa St. Petersburg, wenye kuba la vigae vya buluu, ulifunguliwa 1913 na uko karibu na kituo cha treni za chini ya ardhi cha Gorkovskaya. Moscow msikiti mkuu uliojengwa upya ulifunguliwa 2015. Kazan, mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, Uislamu si wa kuletwa na wageni wa jana: mababu wa Watatari wa mto Volga waliupokea mwaka 922. Ndani ya ngome ya mji huo msikiti wa Qol Sharif, uliofunguliwa 2005, unatazamana na kanisa kuu, na vyote viwili viko ndani ya ukuta mmoja mweupe. Chakula cha halali Kazan hutakitafuta sana. St. Petersburg utatafuta kidogo, na wenzako msikitini watakuelekeza.

Kitu cha kujiandaa nacho ni jua. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu linapochomoza na inafunga linapozama, na kwetu hilo halibadiliki sana mwaka mzima. St. Petersburg katikati ya Juni jua linazama kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza kama saa tisa na nusu, na katikati hapo mbingu haiwi nyeusi kabisa. Desemba linachomoza saa nne asubuhi na kuzama saa kumi kasoro, na adhuhuri na alasiri zinakaribiana hata ukichelewa darasani moja imekupita. Fuata ratiba ya msikiti wa hapo, usikadirie kwa macho. Ramadhani sasa inarudi nyuma kuelekea majira ya baridi, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo saumu ya huko itakuwa fupi. Giza la Desemba ndilo linalochosha roho kuliko baridi. Toka nje mchana kila siku, hata nusu saa.

Nina siku kumi na ndoto ya treni ya Siberia. Nipange vipi? — Msafiri, Nairobi

Moscow hadi Vladivostok, inakoishia reli hiyo, ni kilomita 9,288. Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni 1,860. Hiyo ni TAZARA tano zikifuatana, karibu siku saba bila kushuka. Kwa siku kumi iache. Kaa Moscow siku nne, panda treni ya usiku hadi Kazan ukae siku mbili, rudi Moscow, kisha Sapsan, treni yao ya kasi, ikufikishe St. Petersburg kwa saa nne hivi.

Ile ya usiku kata tiketi ya platskart, behewa la wazi lenye vitanda 54, usikimbilie vyumba vya kufunga mlango. Mhudumu wa behewa, mara nyingi ni mama, anakagua pasipoti yako mlangoni, anakupa shuka safi, halafu analeta chai kwenye glasi iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma. Mwisho wa behewa kuna tangi la maji yanayochemka usiku na mchana, chota utakavyo. Nusu saa baada ya treni kuondoka, walewale walionuna barabarani wamevaa ndala, wametandaza mkate, kuku, matango na mayai ya kuchemsha, na wanakusukumia sahani: kula, mbona huli? Wataanza maswali ya watoto wangapi na kwenu kunalimwa nini. Kirusi changu nusu nilikipata mle.

Moscow, basi la watalii halina haja, shuka chini ya ardhi. Njia ya kwanza ya metro ilifunguliwa 15 Mei 1935, na vituo vya zamani vimejengwa kwa marumaru na taa za kifalme kwa ajili ya mfanyakazi anayekwenda zamu. Kituo cha Ploshchad Revolyutsii kina sanamu za shaba, na kati yao yupo mbwa ambaye pua yake inang'aa kwa kuguswa. Wanafunzi huigusa kabla ya mtihani. Mimi niliigusa kila muhula. Kwenye njia zinazokata mji, sauti ya mwanamume hutangaza vituo treni ikielekea katikati, na ya mwanamke ikitoka. Ukiwa umepotea hilo litakuokoa.

St. Petersburg, kuanzia Aprili hadi Novemba, madaraja makubwa ya mto Neva huinuliwa usiku kupitisha meli, kama saa saba na nusu hadi kumi na moja alfajiri. Kutazama ni bure. Kama umelala ng'ambo, hesabu mapema uko upande gani.

Fedha: Visa na Mastercard za nchi nyingine hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, kwa hiyo beba taslimu ya safari nzima. Facebook na Instagram zimefungwa tangu mwezi huohuo, na WhatsApp nayo imebanwa, kuanzia na simu zake Agosti 2025. Kubaliana na nyumbani mapema mtapatana kwa njia gani. Na kwa sababu ya vita na Ukraine, viwanja vya ndege hufungwa ghafla kwa saa kadhaa ndege zisizo na rubani zinaporipotiwa. Usipange kuunganisha ndege kwa saa mbili.

Wakala amenipa kazi ya kiwandani Urusi. Viza na tiketi analipa yeye. Niende? — Dada, Kampala

Dada yangu, usiende. Mwaka 2024 ilifichuliwa kwamba wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22, wakiwamo wa kutoka Uganda na Kenya, waliahidiwa masomo ya kazi na ajira, wakajikuta Yelabuga, Tatarstan, wakiunda ndege za kivita zisizo na rubani. Wavulana huitwa kwa kazi ya ulinzi au udereva, wanawekewa mbele mkataba wa Kirusi, wanasaini, na kumbe ni wa jeshi. Januari 2023 Tanzania ilipokea mwili wa kijana wake aliyekwenda kusoma Moscow, akafungwa gerezani, kisha akakubali kupigana Ukraine ili aachiwe. Nyumbani walimngoja arudi na shahada.

Nchi ile naipenda na ndiyo maana nasema hivi. Njia ya chuo inajulikana: unaomba kwa jina lako, unajibiwa na chuo chenyewe, ubalozi unathibitisha. Anayekulipia kila kitu na kukuharakisha, muulize karatasi ziko kwa lugha gani na mwajiri anaitwa nani, kisha zipeleke kwa mtu asomaye Kirusi kabla hujagusa kalamu. Kama umeshampa pasipoti yako, idai leo.

Rafiki wa darasani amenialika kwao. Nipeleke nini? — Mwanafunzi, Voronezh

Hongera, hapo ndipo Urusi inapoanza. Kama bado una kahawa ya Kagera au chai kutoka nyumbani, ndiyo zawadi yao. Ukinunua maua, yahesabu: matatu, matano, saba. Idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya msibani. Mkono usimpe mtu juu ya kizingiti. Ingia kwanza ndani, ndipo mshikane. Viatu vua, utapewa ndala.

Mtakaa jikoni, saa nyingi. Chai hupikwa nzito kwenye birika dogo, unamiminiwa kidogo, kisha unaongezewa maji ya moto kwa kipimo chako, na pembeni kuna jamu ya matunda waliyoyachuma wenyewe kwenye kishamba chao nje ya mji. Mama wa rafiki yako atakuongezea chakula bila kukuuliza, kwa hiyo anza na sahani ndogo. Na kama kesho yake unasafiri mbali, wataketi wote pamoja nawe kimya kidogo kabla ya kufungua mlango, hata juu ya masanduku. Keti nao, kisha ndipo unyanyue begi.