Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapokwenda Kung'olewa Meno

Barua tatu kati ya zilizotufikia kutoka mkoa wa Kigoma zinahusu vinywa vya watoto. Tumezijibu pamoja. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mzazi bado ana siku chache za kujiandaa.

Binti yangu ana miaka mitano na kilo 16. Magego yake manne ya utoto yameoza, na shavu limeshavimba mara mbili. Hospitali wamesema watayang'oa yote kwa mkupuo akiwa nusukaputi, Jumanne saa 3 asubuhi. Baba yake anataka tumwambie tunakwenda kununua viatu. Mama yangu anasema mtoto asilale njaa. Nimwandaeje, na tukirudi nimuuguzeje?
*Mama, Ujiji*

Mama, msimdanganye. Mtoto aliyeahidiwa viatu akajikuta katikati ya watu waliofunika nyuso hatakubali tena kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na atabaki na meno 16 yanayohitaji kuangaliwa. Kwa umri wake mwambie siku moja au mbili kabla. Ukimwambia wiki nzima kabla, unampa wiki nzima ya kuogopa. Maneno yawe machache: "Meno yanayokuuma daktari atayatoa. Atakupa dawa ya kulala, hutasikia anapoyatoa. Ukiamka utaniona, na mdomoni utasikia ladha ya damu kidogo." Usimwambie hataumia kabisa, maana jioni ataumia kidogo. Usimwambie atalala "kama babu" ikiwa babu alishazikwa. Na yeyote hapo nyumbani mwenye mazoea ya kumtishia kwamba akilia daktari atamchoma sindano, mwombe aache kabisa.

Kuhusu njaa, hapa bibi yake anaweza kumdhuru kwa mapenzi yake. Mtoto akiwa nusukaputi, koo lake halijilindi. Chakula kilichobaki tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hilo linaua. Ndiyo maana chakula kinakatazwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, na maji matupu masaa 2. Kwa miadi ya saa 3 asubuhi, mwisho wa kula ni saa 9 usiku. Kwa hiyo ashibe ugali na mboga yake saa 2 usiku, alale. Maji matupu anaweza kunywa hadi saa 1 asubuhi, lakini hospitali ikikupa saa tofauti, fuata ya hospitali. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi. Chai ya maziwa ni chakula. Pipi na bigijii navyo haviruhusiwi. Ikitokea amemegewa andazi kwa siri, semeni kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Wataahirisha na nauli itakuwa imepotea, lakini kuficha ni hatari zaidi.

Yapo mambo ambayo mtoa nusukaputi anapaswa kuyasikia kwako mapema: kama mtoto ana selimundu, pumu au tatizo la moyo, na dawa zote anazotumia, mitishamba ikiwemo. Kumbuka pia alipotobolewa masikio, au kaka zake walipotahiriwa, kama damu ilichelewa kukata. Hiyo ni habari kubwa kwa mtu anayekwenda kung'oa magego manne. Akipata homa, kikohozi au makamasi mazito ndani ya wiki mbili kabla, rudi hospitali useme, usisubiri asubuhi ya Jumanne. Jino linalolegea lionyeshwe, lisije likadondokea kooni. Na kucha zake ziwe tupu: hina au rangi inaweza kuzuia kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kisisome sawasawa.

Akiamka, huenda akalia, akarusha mikono, asikutambue. Inatisha kuona, lakini ni dawa inayoisha, na mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa. Mlaze ubavu, ongea naye taratibu. Akitapika mara moja kitu cheusi kama machicha ya kahawa, hiyo ni damu aliyoimeza. Akiendelea kutapika, au akitapika damu nyekundu, mwite muuguzi papo hapo.

Mtoto aliyetoka nusukaputi hapandishwi bodaboda. Tafuteni gari, na awepo mtu mzima wa pili asiye dereva wa kumwangalia njiani. Akisinzia, kichwa kisiangukie kifuani, maana kidevu kikibana shingo njia ya hewa hufungwa. Shikilia kidevu kiwe juu.

Nyumbani, mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikiendelea kutiririka, mkalishe wima, kunja shashi safi iwe donge dogo, uiweke juu ya tundu lenyewe, na aing'ate dakika 20 hadi 30 bila kuifungua. Kosa tunaloliona sana ni mzazi kuchungulia kila dakika mbili. Kila anapoitoa shashi anaondoka na donge la damu lililoanza kuziba tundu, na kazi inaanza upya. Kwa sababu hiyohiyo asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija, na asisukutue kwa masaa 24 ya kwanza. Baada ya hapo, mtoto anayejua kutema, kwa kawaida kuanzia miaka sita, asukutue taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu kila baada ya kula. Chumvi ya Uvinza iliyoko jikoni inatosha. Wako kama bado anaimeza, anywe tu maji baada ya chakula. Tumbaku, majivu na dawa za kienyeji zisiingie kwenye tundu, wala kidonge kilichosagwa, kinaunguza fizi.

Dawa ya maumivu mpe kabla ganzi haijaisha, usingoje alie. Uliza kwanza kama amepewa hospitali na saa ngapi. Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo. Kilo zake 16 zinafanya miligramu 240, yaani mililita 10 za dawa ya maji iliyoandikwa 120 kwa mililita 5. Soma chupa, kwa sababu kuna iliyoandikwa 250 kwa mililita 5, ambayo kwake ni chini kidogo ya mililita 5. Ni kila baada ya masaa 6, isizidi mara nne kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, usichanganye. Aspirini mtoto hapewi.

Siku mbili tatu za mwanzo ale vilaini visivyo moto: uji uliopoa, mtindi, parachichi, viazi vya kuponda, ndizi mbivu. Dagaa wa kukaanga wasubiri wiki nzima, kwani vichwa na miba yao hujichimbia kwenye tundu. Bisi, karanga na miwa navyo vingoje. Meno yaliyobaki yapigwe mswaki jioni ileile, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Asiende ziwani wala kupanda miti siku hiyo na inayofuata, kwa sababu mwili bado haujapata mizani yake.

Rudi hospitali, Maweni kwa mliopo mjini, kama damu haikomi baada ya kung'ata shashi mara mbili, kama uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, homa inafika nyuzi 38, hawezi kumeza au kufungua mdomo, au anapumua kwa shida. Hilo la mwisho halingojei asubuhi.

Mwanangu wa miaka saba aling'olewa gego la chini kwa sindano ya ganzi. Siku ya tatu sasa mdomo wa chini umevimba na una doa jeupe kubwa kama sarafu. Duka la dawa wananiambia ni usaha, ninunue antibayotiki. Je, tundu limeoza?
*Baba, Kasulu*

Pole, Baba. Kwa unavyoeleza, karibu hakika amejing'ata. Ganzi ya taya la chini hulaza mdomo na ulimi kwa masaa mawili hadi manne, na mtoto huutafuna mdomo huo kwa sababu anausikia kama si wake. Doa hilo ni ngozi laini ya kidonda kinachopona. Kulijua ni rahisi: liko pale meno yanapogusa mdomo, halitoki kitu ukiligusa, na mtoto hana homa. Usilikwangue. Paka vaselini, mpe vyakula visivyo na pilipili wala ndimu, na ndani ya wiki moja hadi mbili litaisha. Utando wa rangi ya maziwa ndani ya tundu nao ni uponaji. Antibayotiki hapa haina kazi. Lakini mdomo ukizidi kuvimba na kuwa wa moto, au akipata homa, mpeleke kwa aliyemng'oa. Siku nyingine akichomwa ganzi asile mpaka iishe, na kaa naye umtazame.

Mjukuu wangu ana miezi saba. Anaharisha na anachemka. Majirani wameona vivimbe vyeupe kwenye fizi, wanasema ni meno ya plastiki, na yupo mama anayeyatoa. Tumpeleke?
*Bibi, Uvinza*

Shikamoo, Bibi. Tunakuomba sana, asiguswe. Vivimbe hivyo ni chonge za utoto zilizo bado ndani ya fizi, ambazo hutoboa kati ya miezi 16 na 23. Kile kidude cheupe laini kinachotolewa na kuonyeshwa ni jino changa, laini kwa sababu halijakomaa. Anayelichimbua huharibu pia chimbuko la jino la ukubwani lililo chini yake, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu, kwa pepopunda na kwa sumu ya vidonda kuingia kwenye damu. Kuharisha kunaendelea vilevile.

Mpelekeni zahanati leo, akapimwe malaria. Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ikorogwe kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, anywe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Iliyobaki baada ya masaa 24 imwagwe. Apewe zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha, na aendelee kunyonya. Akiwa na macho yaliyozama, utosi uliobonyea, damu kwenye choo, degedege, au akigoma kunyonya, msipitie zahanati, nendeni moja kwa moja hospitali. Na kama ameshachimbuliwa kabla barua hii haijakufikia, semeni hivyo hospitali bila kuona haya, mkaenda na kadi yake ya kliniki ili waangalie chanjo ya pepopunda.