Maswali na majibu ya Krismasi: kwenda kuhesabiwa mikono mitupu

Desemba ikifika katikati, huku kwetu migombani tunaanza kuona magari ya mjini yakikwaruza tumbo kwenye barabara ya vumbi. Nchi nzima inatutania Wachaga kwamba tunarudi kuhesabiwa. Utani huo haujawahi kuniudhi, maana Luka naye ndivyo anavyoanza habari yake: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Yusufu alikuwa mmoja wa watu wanaorudi kwao mwisho wa safari ndefu, na mke mjamzito ubavuni.

Maswali yamekuwa mengi mwezi huu. Nimechagua saba na kuyafupisha, na majina nimeyaacha.

Mchungaji, shikamoo. Nina miaka 27, naendesha bodaboda Mbagala. Pikipiki iliua injini mwezi wa tisa, na pesa yote imeishia kwa fundi. Nyumbani Rombo wananisubiri na mchele, sukari na mchango wa mbuzi. Nimewaza niwaambie sikupata ruhusa kazini. Ni dhambi?

Marahaba, mwanangu. Kwanza uongo wenyewe ni dhaifu: bodaboda anaomba ruhusa kwa nani? Mama yako atacheka kabla hujamaliza sentensi.

Sasa tuongee. Siku arobaini baada ya kuzaliwa Yesu, wazazi wake walimpeleka hekaluni Yerusalemu. Torati, kwenye Walawi 12, ilimtaka mama alete mwana-kondoo. Akishindwa, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu, kondoo hamtaji. Maana yake Mariamu alipanga foleni mbele ya watu akiwa na sadaka ya wasio na uwezo, na mtoto aliyembeba ni Bwana wa hekalu lile. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo", si kwa asivyo navyo.

Kwa hiyo mpigie mama leo, si siku ya safari. Mwambie habari ya injini kama ilivyo. Ukisema mapema unampa nafasi ya kupanga. Ukimshtukiza mlangoni unamwaibisha mbele ya wifi zake. Na ukifika, shika panga ukakate majani ya ng'ombe, pasua kuni za kuchemshia mbege (pombe yetu ya ndizi), teka maji. Nyumba yenye wageni ishirini inahitaji mgongo wa kijana kuliko inavyohitaji kilo tano za mchele. Kama nauli yenyewe imekushinda, usikope kwa ajili ya wiki ya Krismasi, wakati wapiga debe wanapanga bei wanavyotaka. Nenda Januari katikati, mabasi ya kupanda huku yakiwa na viti vitupu. Mama atakuwa amebaki peke yake na vyombo, na utakaa naye vizuri zaidi.

Wazazi mnaosoma hapa, mnapomwona mtoto anashuka kwenye gari, macho yenu yanakwenda usoni kwake kwanza au kwenye buti la gari? Mimi nimewahi kuangalia buti.

Bwana Yesu asifiwe. Dada wa kazi ameomba kwenda kwao Singida Krismasi. Lakini ndiyo siku ninazomhitaji zaidi, tutakuwa na wageni kumi na wanne. Nikimzuia nitakuwa nimemkosea? Namtendea vizuri, hata nguo mpya nimemnunulia.

Amina, mama. Nitaanza na sheria, maana wengine hupenda kuiruka na kukimbilia huruma. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamhesabu yeye kuwa mfanyakazi kama karani wa benki. Akishatimiza miezi sita anaingia kwenye haki ya likizo ya malipo, siku 28 mfululizo kwa mwaka. Akifanya kazi sikukuu ya taifa, malipo yake ya siku hiyo ni mara mbili. Siku ya likizo mnapatana, nawe unaweza kusema Krismasi haiwezekani. Ila ukisema hivyo, mwambie tarehe nyingine hapohapo na uiandike. "Tutaona" si tarehe. Na nguo mpya si malipo.

Nakuuliza jambo moja: yule dada atakula wapi?

Nauliza kwa sababu nina kesi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, tukiwa bado mjini, nilisali sala ndefu ya chakula siku ya Krismasi, nikamshukuru Mungu kwa kutukutanisha sote. Nilipofumbua macho nikamwona binti aliyetusaidia kazi amesimama mlango wa jikoni, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kufutia vyombo, anasubiri tuseme amina apite na bakuli la mchuzi. Viti vilikuwa kumi na moja. Nilivipanga mimi.

Luka anasema mtoto alilazwa katika hori ya ng'ombe kwa sababu "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Neno la Kigiriki analolitumia hapo ni lilelile analolitumia kwa chumba ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Akitaka kusema nyumba ya kulala wageni ya kulipia, kama ile ya Msamaria mwema, ana neno jingine. Kwa hiyo wapo wasomi wanaoona kwamba ile ilikuwa nyumba ya watu, chumba cha wageni kimejaa, wenye mimba wakasogezwa upande wa mifugo. Kwetu hilo si la ajabu. Nyumba za zamani za Kichaga ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Nyumba imejaa ndugu, kila mtu anashangilia, na kuna mmoja amesukumwa kule kwenye hori.

Kama dada hawezi kwenda, mpe kiti. Wageni wajipakulie wenyewe, hawatakufa.

Rafiki yangu ananiambia Krismasi ni sikukuu ya wapagani na Biblia haitaji 25 Desemba. Nimjibu nini?

Mwambie la pili ni kweli. Biblia haitaji tarehe. Orodha ya kale ya Kirumi iliyokusanywa mwaka 354 ndiyo inayotupa 25 Desemba waziwazi. Wapo wanaosema Kanisa lilichagua siku hiyo kwa sababu ya sikukuu ya jua ya Warumi, na wapo wanaosema walihesabu miezi tisa kuanzia 25 Machi, siku waliyoamini Mariamu alichukua mimba. Wanahistoria bado wanabishana. Wakristo wa Ethiopia na Wakopti wa Misri wanasherehekea 7 Januari, Waarmenia 6 Januari, na hakuna aliyepungukiwa Yesu.

Warumi 14 inaruhusu mmoja atofautishe siku na mwingine azione zote sawa. Rafiki yako asiposherehekea, msimgombeze. Mpelekee sahani tu.

Mchungaji, mimi na kaka yangu hatusalimiani mwaka wa nne sasa. Baba alipofariki alisogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Krismasi tunakaa kanisa moja, mabenchi mawili tofauti. Wazee wanasema atume isale nimsamehe. Mimi nimeokoka, je, mambo ya majani si upagani? Na nikisamehe, shamba langu?

Swali hili limenikalia moyoni wiki nzima.

Kwa wasiolijua, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaouona ukingoni mwa vihamba vyetu. Mtu aliyekosa hupeleka jani lake, mara nyingi kwa mkono wa mzee, na aliyekosewa akiletewa hapaswi kukataa. Nimeshuhudia likipelekwa. Mzee aliingia uani bila kubisha hodi kwa sauti, jani kalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Mwenye nyumba aliliangalia muda mrefu, kuku wakipita katikati yao, kisha akasema kwa Kichaga, "Kaeni." Neno hilo moja tu. Walikuwa na miaka tisa hawajakaa pamoja.

Sioni upagani hapo. Hakuna anayeliabudu jani wala kuliomba kitu. Ni barua, kwa watu ambao midomo yao imeshindwa kusema. Kama dhamiri yako inakataa kabisa, mwambie mzee aje na maneno bila jani, lakini usitumie wokovu kama kisingizio cha kukataa kupatana. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na linatuaibisha sisi tunaohubiri.

Kuhusu shamba: isale hilohilo ndilo wazee walilopanda kuonyesha mpaka. Mmea mmoja una kazi mbili, na mimi naona wazee walijua walichofanya. Kusamehe hakung'oi mpaka. Unaweza kumpa kaka yako mkono tarehe 25 na tarehe 27 mkakaa na wazee wa ukoo mkapima hatua kwa hatua, na mkishindwana mkaenda baraza la kata kusuluhishwa. Anayekuambia "umesamehe, basi nyamaza" anakudanganya. Zakayo aliposhuka mtini hakuishia kusema samahani. Alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Ila usisubiri mpaka apime kwanza ndipo umsalimie. Salamu haina gharama ya mipaka. Kesho kanisani sogea benchi lake. Asipojibu, utakuwa umekaa tu.

Kikundi chetu cha vijana kinapeleka msaada kituo cha watoto yatima siku ya Krismasi. Kuna ubishi kuhusu kupiga picha na kuziweka mtandaoni. Unasemaje?

Pigeni picha ya magunia, mchele hauna aibu. Sura za watoto ziacheni. Yule mtoto atakuwa na miaka ishirini siku moja, na hatapenda kujikuta ameshika mche wa sabuni huku mtu mwenye miwani ya jua akitabasamu pembeni yake. Mathayo 6:3 mnaijua: ukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Halafu fikirieni tarehe. Mlezi mmoja aliwahi kuniambia kwamba Krismasi watoto wake wanaletewa soda hadi wanaumwa tumbo, na Februari anakopa unga dukani. Nendeni Februari.

Nipo Tanga, majirani zangu ni Waislamu. Idd wananiletea pilau. Nataka kuwapelekea chakula Krismasi, naogopa watakataa.

Kuku anunuliwe kwa mchinjaji Mwislamu, na sufuria iwe haijawahi kuona kitimoto. Kisha waambie mapema umefanya hivyo, wasilazimike kuuliza. Kuuliza ndiko kunakoleta aibu. Hao wana sura nzima ya Kurani yenye jina la Mariamu, hawatashangaa ukiwaambia unafurahia mwanawe. Mmoja wao akisita, usikunje uso. Peleka matunda. Na sahani yao ya Idd, natumaini hukuirudisha tupu.

Mchungaji, mwanangu alifariki Agosti. Alikuwa na miaka sita, na Krismasi iliyopita alicheza mchungaji wa kondoo kwenye igizo la watoto. Watu wananiambia nije kanisani nifarijike. Siwezi kuwaona wale watoto na vilemba vya taulo. Nifanyeje?

Pole sana, mama. Pole.

Usije kwa sababu watu wamesema. Habari ya Krismasi ya Mathayo ina mwanamke kama wewe ndani yake. Baada ya mamajusi kuondoka na Herode kuua watoto wa Bethlehemu, Mathayo anamkumbuka Raheli, analilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Hakuna aliyemkemea. Mathayo hakumwandikia jibu, wala malaika hakutumwa kwake. Kanisa limemwacha kwenye maandiko miaka yote hii akiwa bado analia, na makanisa mengi huwakumbuka watoto wale tarehe 28 Desemba, siku ya tatu baada ya sherehe.

Ukitaka kuja, usije ibada ya igizo. Njoo ile ya alfajiri, ina watu wachache na nyimbo chache. Ukitaka kubaki nyumbani, baki, na usimfungulie kila mtu mlango.

Majirani wa mama huyu, mnajijua. Tarehe 25 atapata sahani kumi asizoweza kula. Nendeni tarehe 27, mgeni wa mwisho akishapanda basi. Mtajeni mtoto kwa jina lake, maana mama anaogopa kuwa nyie mmeshalisahau. Halafu osheni vyombo vyake.

Na ukiamua kuja, mama, mpigie simu mzee wa kanisa wa mtaa wako usiku ule. Atakuwekea nafasi benchi la mwisho, upande wa mlango, ili ukitaka kutoka katikati ya wimbo utoke bila kumwomba mtu akupishe.