Barua kwa mwanangu: kuhusu ujana wa babu yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Nakuru imenifikia. Umeniuliza kwa nini babu yako hukujibu "nimesahau" kila unapokwenda Ahero na kumwuliza habari za ujana wake, na kama ni vyema uendelee kumwuliza. Endelea, ila acha kumwuliza miaka. Ukimtaka akutajie mwaka alioajiriwa, unamweka kama mtu aliyesimama mbele ya karani, naye huona haya kukosea mbele ya mjukuu.

Anza na maji. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilifurisha uwanda wa Kano, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Yeye huyahesabu maisha yake kabla ya mafuriko hayo na baada yake. Mwulize maji yalifika wapi bomani kwa wazee wake, naye atashika mkongojo akuonyeshe mwenyewe. Mfuate. Hapo ndipo atakapokueleza jinsi walivyowaswaga ng'ombe usiku kuelekea mwinuko wa Nyabondo, na jinsi mazao yalivyooza shambani hata akalazimika kwenda bandarini Kisumu kutafuta kibarua, naye hadi wakati huo hakuwa amewahi kukanyaga meli.

Habari za meli mwache azisimulie mpaka atosheke. Alifanya kazi katika MV Victoria, iliyozunguka kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Kiswahili chake kizuri alikipata Mwanza, na akiutaja mji huo sauti yake hubadilika kabisa. Mimi hupenda mno kumsikia.

Nakusihi usimharakishe kufika 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, meli ile ilibaki Tanzania, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa, na wenzake wengi wa kazini hakuwaona tena. Akifika hapo mwenyewe, nyamaza umsikilize. Asipofika, usimwulize.

Nenda asubuhi, kwa kuwa mchana hulala. Ukitaka kumrekodi kwa simu, mwombe ruhusa kwanza, baba yako mdogo akiwepo. Na akirudia kisa ulichokwisha kukisikia, usimkatize, maana kila mara humtaja mtu ambaye hakumtaja awali, na wengi wa watu hao hakuna mwingine nyumbani awajuaye. Yaandike majina yao.

Ni mimi baba yako